Kabla ya Kuzamia: Kujiandaa kwa Uzamivu wa Ustawi wa Jamii Ukiwa Mtwara au Lindi

Afisa ustawi wa jamii amezoea kufunga. Mama analeta malalamiko ya matunzo ya mtoto Jumatatu, baba anaitwa Jumatano, usuluhishi unafanyika Ijumaa, makubaliano yanasainiwa, jalada linarudi kabatini. Shauri likikaa wazi miezi mitatu, mkuu wa idara anauliza kulikoni. Mtu huyohuyo akiamua kusoma shahada ya uzamivu anadaiwa kinyume chake kabisa: ashike swali moja, aliache wazi miaka mitatu au minne, alizunguke pande zote, asikubali jibu la kwanza wala la pili. Kiingereza kinasumbua, ndiyo, na ada inasumbua. Lakini kinachoangusha andiko la utafiti (mpango unaoombea nafasi) mbele ya msimamizi mara nyingi ni kwamba mwombaji ana jibu mfukoni tayari, na anatafuta utafiti wa kulipigia muhuri.

Kwa mwenye uzamili anayefanya kazi katika halmashauri za huku kusini, miezi 18 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi ni muda wa haki. Takriban miezi sita inakwenda kwenye kusoma na kulipata swali. Minne kwenye mbinu za utafiti na kugeuza tasnifu ya uzamili kuwa makala. Mitatu kumtafuta msimamizi. Mitano ya mwisho ni ya andiko, wapendekezaji, mtihani wa lugha na vyeti. Anayeanza miezi mitatu kabla hutuma kitu, lakini hutuma andiko la uzamili lililorefushwa.

Swali lenye mtu ndani yake

"Ukatili dhidi ya watoto mkoani Mtwara." Hiyo ni idara, si swali. Hata ukiongeza "changamoto na mikakati" mwishoni, bado ni idara. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 katika sensa ya 2022, na Lindi karibu milioni 1.2. Mtu mmoja mwenye pikipiki na kinasa sauti hawezi kuwamaliza.

Lishushe. Nani anafanya nini, wapi, na ni uamuzi gani unaotaka kuuelewa? Bibi anayelea wajukuu watatu kwenye kijiji cha Newala, mama zao wakiwa Dar es Salaam, anagundua mjukuu wa kike ameingiliwa na jirani. Ana njia kadhaa: kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kumwita mjomba wa mtoto, kumwendea shehe au mzee wa ukoo, kukaa kimya. Sasa swali linajitokeza lenyewe: bibi wanaolea wajukuu wanaamuaje jambo lipelekwe serikalini, limalizwe na mjomba, au linyamaziwe? Hapo kuna mtu, kuna uamuzi, kuna mahali, na jibu halipo. Tena kuna kitu kitakachomsimamisha msomaji wa Accra au Johannesburg: kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mjomba ana kauli ambayo sera ya ulinzi wa mtoto haimtaji. Jamii za namna hiyo zimetanda kutoka huku hadi Malawi na kaskazini ya Msumbiji. Swali la kijiji kimoja tayari limepata majirani.

Njia ya kulipima ni ya bei nafuu. Liseme mbele ya afisa mwenzako, mtendaji wa kata mmoja, na mhadhiri mmoja wa sosholojia. Mwenzako akijibu "hilo tunalijua," mwombe alieleze. Kisha muulize na mwingine. Wakikupa majibu mawili tofauti, kila mmoja akiwa na uhakika wake, umepata pengo la utafiti bila kufungua kitabu. Mhadhiri naye akisema limeshafanyiwa kazi, muulize wapi na lini, uandike.

Weka pia daftari kwa miezi mitatu. Kila Ijumaa andika jambo moja la kazini lililokushangaza: desturi, neno, kimya. Usiandike jina, kijiji wala tarehe ya shauri. Daftari hilo ni la kujua macho yako yanavutwa wapi, na kwa nini lisiwe na majina ni jambo linalostahili kukaa nalo kidogo.

Jalada la ofisini si data yako

Hapa ndipo watu wa ustawi hujikwaa kuliko watu wa fani nyingine, kwa sababu ndio wenye makabati. Miaka kumi ya majalada ya matunzo, mimba za wanafunzi, wazee waliotelekezwa, watoto waliokinzana na sheria: kwa macho ya mtafiti ni hazina. Lakini yule mama aliyelia ofisini alizitoa habari zake apate huduma. Hakuzitoa ziwe sura ya nne ya tasnifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wazi kwamba taarifa zikusanywe na kutumiwa kwa madhumuni yaliyotajwa. Ukitaka majalada, unaomba kama mgeni: barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, kibali cha kamati ya maadili ya chuo, na utaratibu wa mtu mwingine kufuta majina kabla karatasi hazijakufikia. Kuwa na ufunguo wa kabati hakukupi kibali.

Kigumu zaidi ni kofia mbili. Katika kata unayohudumia, wewe ndiye unayeandika ripoti ya hali ya familia kwa mahakama na kupendekeza mtoto akae na nani. Mtu huyo anapokuja na kinasa sauti na kusema "ushiriki ni wa hiari," nani atakataa? Kwa hiyo usitafiti eneo la mamlaka yako. Anayefanya kazi Masasi aende Nanyumbu au Tandahimba. Wa Manispaa ya Lindi aende Ruangwa au Kilwa. Na huko nako ajitambulishe kama mwanafunzi, aache nyumbani gari lenye namba za serikali na fulana ya kampeni.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayoonyesha kama mwombaji amewahi kukaa mkekani na mtu. Nakala nyingi zina sentensi hii: "Ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa wakati wowote bila kuathirika kwa namna yoyote ile." Ni Kiswahili sanifu, na mbele ya bibi wa Kitangari hakisemi kitu. Hofu yake ina jina. Yumo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na kila mgeni mwenye karatasi anaweza kuwa ndiye anayekuja kuhakiki orodha. Sentensi inayomfikia ni hii: "Bibi, ukikataa kuzungumza nami, jina lako halitatoka TASAF. Ukikubali, halitaingia. Mimi sihusiki na orodha hiyo, na mtendaji hataambiwa ulichosema." Sehemu ya pili ni muhimu kama ya kwanza, kwa sababu wapo watakaokubali wakitumaini kuingizwa. Andika hivyo kwenye fomu, kisha usome kwa sauti. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, asiwe mwenyekiti wa kijiji aliyekupeleka.

Kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Kamati itataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na juu yake mtoto mwenyewe akubali kwa maneno anayoyaelewa. Kisha inakuja kona ambayo andiko lisiloifikiria hurudishwa: mtoto akikuambia katikati ya mazungumzo kwamba anaumizwa sasa hivi, utafanya nini? Huwezi kuahidi siri kamili, kwa sababu sheria hiyo inataka mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Basi usiahidi. Sema mapema: "Utakayoniambia yatabaki kati yetu, isipokuwa ukiniambia kwamba wewe au mtoto mwingine yuko hatarini." Andika kwenye andiko jambo hilo litapelekwa kwa nani, kwa cheo, katika kila wilaya, pamoja na simu ya huduma kwa mtoto, 116. Tena anayepokea asiwe wewe.

Halafu kuna kuficha majina. Katika halmashauri zetu maafisa ustawi ni wachache kiasi kwamba "afisa ustawi mwanamke, mwenye miaka 15 kazini, wilaya ya Liwale" ni sawa na kuandika jina lake na kubandika picha. Ukiwahoji wenzako, taja kanda badala ya wilaya, ondoa jinsia pale isipobeba maana, na uunganishe miaka ya kazi katika makundi mapana. Wasomaji wako wa kwanza watakuwa watu wanaomjua.

Kusoma bila maktaba kubwa

Kuanzia Mtwara au Lindi si kikwazo kama zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mikoa yote miwili, na majarida mengi ya Afrika yamo kwenye tovuti ya AJOL bila malipo. Vyuo vingi nchini vinaingia kwenye majarida ya kulipia kupitia mpango wa Research4Life. Chuo ulichosoma uzamili kinaweza kukupa nywila ukiomba kwa ustaarabu. Makala ikiwa imefungwa kabisa, mwandikie mwandishi. Wengi hutuma ndani ya wiki.

Anza kutumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, siku ya kwanza, ni ya bure, na kila unachosoma kiingie humo. Kurudi kutafuta ukurasa wa nukuu baada ya miaka miwili ni adhabu. Lengo la kiasi: makala tatu kwa wiki, kila moja na muhtasari wa mistari kumi kwa maneno yako, na mstari wa mwisho uwe ugomvi wako nayo. Kwa miezi sita ni kama makala 75. Zinatosha kujua nani anabishana na nani.

Soma pia historia ya fani yenyewe. Huduma rasmi za ustawi Tanganyika zilianza chini ya ukoloni, baada ya Vita Kuu ya Pili, zikiwashughulikia askari waliorudi. Chuo cha fani, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kilianzishwa kwa sheria ya 1973. Mwaka 2014 vyama vya kimataifa vya wataalamu na vya wakufunzi vilikubali fasili mpya ya kazi hii, iliyoyapa maarifa ya wenyeji nafasi kando ya nadharia za vyuoni. Mjadala wa fani iliyokuja na meli kukutana na mjomba, bibi na somo (kungwi wa unyago) ni wenu watu wa kusini kuliko watu wa Nairobi, na ni ajabu jinsi maandiko ya hapa yanavyouruka na kukimbilia "changamoto za bajeti".

Nadharia, chukua moja. Ile michoro ya miduara inayomzunguka mtoto, familia, shule, jamii, sera, imo karibu kila tasnifu ya uzamili, na mara nyingi haifanyi kazi yoyote baada ya sura ya pili. Kipimo ni kimoja: nadharia hii inanifanya nimuulize bibi kitu gani ambacho nisingemuuliza? Kama hakuna, ni pambo.

Njia zenyewe

Uzamivu nchini unasomwa kwa tasnifu tupu, au kwa masomo ya darasani na tasnifu. Tasnifu tupu inamfaa aliye kazini na mwenye nidhamu ya upweke. Mwenye mbinu dhaifu za utafiti hupotea nayo. Ukanda huu kuna Makerere, yenye idara ya fani hii tangu miaka ya 1960, na vyuo vya Afrika Kusini, ambako njia ya tasnifu ndiyo ya kawaida. Uingereza unaingia na andiko na msimamizi mkononi, miaka mitatu hadi minne. Marekani ni mlango mwingine: mwaka wa kwanza na wa pili darasani, mtihani mkubwa wa kati, kisha tasnifu, na programu nyingi zinataka uzamili wa fani yenyewe pamoja na kama miaka miwili ya kazi baada yake. Huko pia ipo shahada ya DSW (Doctor of Social Work), inayolenga watendaji na viongozi wa huduma. Ni shahada halali, lakini anayetaka kufundisha chuo kikuu aulize mapema chuo anachokilenga kinaihesabu vipi.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola (Commonwealth), wa Ujerumani (DAAD) na wa Marekani (Fulbright) unajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba programu za Marekani mara nyingi humlipa mwanafunzi kupitia kazi ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji, hivyo kukubaliwa na kufadhiliwa huja pamoja. Uingereza ni vitu viwili, na unaweza kupata kimoja ukakosa kingine. Kwenda nje, pitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa hati ya kutokuwa na pingamizi. Kama uzamili wako wenyewe ni wa nje, hakikisha TCU wameutambua kabla ya kuuambatisha popote.

Mwajiri naye aingie mapema. Mtumishi wa halmashauri anahitaji ruhusa ya masomo ya mkurugenzi, na ruhusa ni rahisi kupatikana kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Barua iliyopelekwa mwezi wa tisa, ufadhili ukiwa tayari umetoka, inakuta mpango umeshafungwa.

Msimamizi

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 200. Sentensi mbili za wewe ni nani, tatu za swali, mbili zinazotaja kazi yake fulani na jinsi swali lako linavyoigusa au kuipinga, moja ya kuuliza kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Ambatisha dokezo la kurasa mbili, si andiko lote. Usitume barua ileile kwa wahadhiri watano wa idara moja. Wanakunywa chai pamoja. Asipojibu, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, songa mbele. Tuma kwa majina yasiyopungua manane katika vyuo tofauti. Na kabla ya kumkubali, waulize wanafunzi wake anachukua muda gani kurudisha sura. Profesa mwenye jina kubwa anayekaa na sura miezi mitano ni hasara.

Wapendekezaji ni watatu kwa kawaida. Mmoja awe msimamizi wa tasnifu yako ya uzamili. Wape wiki sita, pamoja na dokezo, wasifu wako na tarehe. Hapa ndipo makala kutoka kwenye tasnifu ya uzamili inapolipa. Kurasa 100 zinapunguzwa kuwa maneno 6,000 hadi 8,000: mapitio ya maandiko yanabanwa kuwa kurasa mbili, sura ya mbinu ukurasa mmoja, na matokeo yanachukua nusu ya makala. Jihadhari na majarida ya ulaghai. Jarida linalokusifia kwa barua pepe, likakubali kazi siku tatu baada ya kuipokea na kutaka pesa kabla ya mtu yeyote kuisoma, litakuchafulia wasifu.

Andiko na kalenda ya korosho

Msomaji wa andiko anatafuta kama linafanyika. Huku kwetu hilo linategemea kalenda ambayo haimo kwenye vitabu vya mbinu. Mvua za kusini ni za msimu mmoja mrefu, kutoka Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja kusini eneo la Somanga, na mabasi yakasimama. Kuanzia Septemba watu wako kwenye mikorosho wakiokota, na minada ikianza Oktoba mazungumzo yote ni bei; mwenye malipo ya mnada yuko sokoni, hayupo barazani. Juni hadi Agosti barabara ni kavu na watu wana nafasi, lakini ndio msimu wa jando na unyago sehemu nyingi, kijiji kizima kinaweza kuwa ngomani siku nne. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Iangalie kwenye mwaka utakaokuwa uwandani, si mwaka unaoandika.

Kuhusu unyago wenyewe: kuna maneno ya ndani ambayo aliyepita hayasemi kwa asiyepita. Mtafiti anayeyachimba ili aonekane amefika mbali anapoteza kijiji, na kamati yenye macho itamuuliza kwa nini. Watu wa Nachingwea walishaona wageni wenye mipango mikubwa tangu mradi wa karanga wa Waingereza, uliofungwa 1951. Wanajua kukujibu unachotaka kusikia.

Vibali vinapanda na kushuka. Mwanafunzi wa chuo cha nchini hupewa barua ya utafiti na chuo chake; wa chuo cha nje anaomba Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Utafiti unaogusa afya au wagonjwa unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila meza inaandika barua ya kwenda meza inayofuata, na ukichukua wilaya mbili katika mikoa miwili, ngazi zote ni mara mbili. Hospitalini kama Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi kuna mlango wa peke yake, wa mganga mfawidhi. Kumbuka pia kuwa tangu Januari 2022 ustawi wa jamii kitaifa umo katika wizara ya maendeleo ya jamii, huku wa halmashauri wakiwa chini ya TAMISEMI. Barua iliyoandikwa kwa wizara ya afya kwa mazoea huzunguka bila kufika. Tenga miezi miwili hadi mitatu, na uiandike kwenye jedwali la kazi.

Sasa hesabu ambayo waombaji huikwepa. Tuseme mahojiano 24 ya dakika 50. Hizo ni saa 20 za sauti. Kuandika neno kwa neno saa moja ya sauti ya Kiswahili kwa umakini huchukua kama saa sita, hivyo ni saa 120: ukifanya saa mbili kila usiku, ni siku 60 bila kukosa hata moja. Kama bibi anazungumza Kimakonde, zidisha, kwa sababu kuna mkalimani, kisha mtu wa pili wa kusikiliza tena kama mkalimani hakupunguza chumvi. Andiko linalotenga mwezi mmoja kwa "uchambuzi wa data" linajieleza. Punguza mzigo kwa kuchambua katika Kiswahili na kutafsiri kwa Kiingereza nukuu zile tu zitakazoingia kwenye tasnifu.

Maneno yenyewe yajaribiwe kwa mahojiano mawili kabla ya kuandika dodoso. "Mazingira hatarishi" ni neno la semina. Kijijini utasikia mtoto wa shida. "Ukatili" kwa wengi una panga na damu ndani yake, na mtoto anayenyimwa chakula na mama wa kambo anahesabiwa kwenye roho mbaya. Ukiuliza "je, kuna ukatili hapa?" utaambiwa hakuna, na utaondoka na matokeo safi yasiyo ya kweli.

Kwa dodoso, programu ya KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu bila mtandao, jambo la maana ukiwa ndani ya Liwale. Sauti zinakiliwe usiku uleule kwenye diski iliyofungwa kwa nywila. Simu iliyoibwa stendi ikiwa na mahojiano saba ni msiba wa watu saba.

Vyeti na saa

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, na vyuo vingi vya Uingereza hutaka 6.5 au 7.0, lakini vingine hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia. Linganisha jina herufi kwa herufi kuanzia cheti cha kidato cha nne hadi pasipoti. Mohamed wa shule ya msingi aliyekuwa Mohamedi chuoni atahitaji kiapo au hati ya jina, na hilo halimalizwi wiki ya mwisho.

Na saa. Tarehe ya mwisho ya chuo cha New York ikisema tarehe 1 Desemba, 11:59 p.m., yaani dakika moja kabla ya usiku wa manane wao, kwa Mtwara ni tarehe 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. London mwezi Januari, usiku wa manane wao ni saa tisa usiku kwetu. Inaonekana kama nafasi ya ziada. Mei 2024, siku chache baada ya barabara kukatika, nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zilikatika na mtandao wa nchi nzima ukayumba. Tuma siku tano kabla, mchana, kisha pakua uthibitisho na uuchapishe.